Gakaara wa Wanjau: Kutoka Kajiado Hadi Takwa

Kijana wa ndugu yangu amenunua kiwanja huko Kisaju, kwenye barabara ya Namanga, ukishaipita Kitengela na kabla hujafika Isinya. Amejenga, ameoa, na mwezi wa Shaaban aliniita nikale naye chakula kabla Ramadhani haijaingia. Sisi watu wa Pwani tukienda bara huogopa baridi kuliko simba. Katika kuchagua koti zito nikaliacha lile jepesi nyumbani Mombasa, na kitambulisho changu kikabaki ndani ya mfuko wake.

Karibu na Kisaju gari likasimamishwa. Askari akataka vitambulisho, kila abiria akatoa chake, na mimi nikatoa miwani, tasbihi na daftari la mashairi. Nikateremshwa. Nilikaa kando ya njia saa nzima, mzee mwenye kofia ya vito, upepo wa mbuga ukinipuliza vumbi machoni, hata kijana wangu akaja na pikipiki, akaonyesha kitambulisho chake yeye, akasema huyu ni ami yangu. Nikaachiwa kwa ahadi kwamba kesho asubuhi ningerudi na picha ya kitambulisho itakayotumwa kutoka nyumbani. Nikaahidi, neno langu likapokewa, nikaenda zangu. Sina kinyongo na askari yule, maana alinisemesha kwa adabu.

Lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri. Tulikuwa tumekaa barazani, kijana wangu akininyoshea kidole gizani: huku kaskazini ni Athi River, kule kusini ni Kajiado. Nikamwambia, mwanangu, unajua umejenga katikati ya nini? Akasema katikati ya malisho ya Wamaasai. Nikamwambia ndiyo, na pia katikati ya kambi mbili. Wakati wa vita vya Mau Mau serikali ya kikoloni ilikuwa na kambi ya kuzuilia watu Kajiado, na nyingine Athi River. Na yuko mwandishi mmoja mashuhuri aliyeonja zote mbili, na kati ya hizo mbili akapelekwa kwetu, kisiwani Manda, mkabala wa Lamu. Jina lake Gakaara wa Wanjau. Kijana wangu hakuwa amelisikia. Ndipo nikaona afadhali niandike.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ya Nyeri, upande wa Tumutumu, ambako wamisionari wa Kanisa la Skoti walikuwa wamejenga kanisa, shule na hospitali. Baba yake, Johana Wanjau, alikuwa mchungaji katika kanisa hilo. Mtoto akalelewa katikati ya vitabu vya dini, kama sisi tulivyolelewa katikati ya juzuu na mbao za chuoni. Akasoma hapo Tumutumu, kisha akaingia shule ya Alliance iliyoko Kikuyu, shule iliyokuwa ikitoa makarani, walimu na baadaye mawaziri. Hakumaliza. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza, akajiunga na jeshi la KAR.

Vita vile viliwafungua macho vijana wengi wa Afrika. Walirudi wamekwisha kumwona Mzungu akiogopa, akijeruhiwa na akifa kama mtu yeyote. Walirudi pia wakiwa wamezoea kusoma magazeti. Gakaara alifanya kazi za ukarani, lakini moyo wake ulikuwa katika kuandika, na mwaka 1946 akatoa kijitabu chake kwa Kikikuyu, Uhoro wa Ugurani, juu ya mambo ya ndoa na mahari. Hebu tazama alikoanzia. Hakuanza na siasa. Alianza na jambo linalomwumiza kichwa kila kijana asiye na mbuzi wa kutosha. Akashirikiana na vijana wenzake waliotaka kuandika, wakaunda chama chao cha waandishi, wakawa wanapiga chapa vijitabu vya bei nafuu vilivyouzwa sokoni na stesheni.

Kisha akaandika kwa lugha yetu. Mwaka 1948 alitoa kijitabu cha Kiswahili alichokiita Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa wako watu wanaodhani kwamba Kiswahili katika mambo ya uhuru wa Kenya kilikuja na hotuba za baada ya mwaka 1963. Hapa ni mtu wa Nyeri, aliyelala na kuamka katika Kikikuyu, akichagua Kiswahili alipotaka kusema na Mwafrika yeyote yule. Maneno yake yalikuwa juu ya umaskini, mishahara duni, ardhi, na haja ya mtu mweusi kujisimamia. Mwaka 1952 maneno hayo yakatoka tena, safari hii kwa Kikikuyu. Mwaka uo huo akatoa kitabu cha nyimbo, na kile kilichowaudhi wakubwa kuliko vyote: imani ya Gikuyu na Mumbi, iliyofuata mtindo wa ile imani wanayoisoma Wakristo makanisani, akiweka ndani yake wazazi wa kabila na nchi waliyorithishwa na Mungu. Mimi kama Mwislamu nikisoma habari ya kitu kama hicho, nywele hunisimama kidogo. Lakini nafahamu alichokuwa akikitenda. Alikuwa mtoto wa mchungaji, na aliichukua silaha aliyoikuta nyumbani.

Usiku wa kuamkia Oktoba 21, mwaka 1952, baada ya Gavana Evelyn Baring kutia sahihi tangazo la hali ya hatari, askari wakatoka na orodha ya majina. Kenyatta akakamatwa Gatundu. Wengine wakakamatwa majumbani kwao Nairobi na kwingineko. Gakaara alikuwamo katika orodha ile. Hakuwa na bunduki wala hakuwa msituni. Kosa lake lilikuwa wino.

Wale sita waliojulikana zaidi walipelekwa Kapenguria kushtakiwa. Wengi wa waliosalia hawakushtakiwa kamwe. Msomaji ashike tofauti hii, kwa kuwa ndiyo kiini cha habari. Mfungwa huambiwa kosa lake na huhesabu siku zake ukutani. Mtu wa kizuizini hana siku za kuhesabu. Yuko ndani kwa karatasi moja yenye sahihi ya Gavana, na karatasi hiyo haina mwisho ulioandikwa. Gakaara akatiwa katika kambi ya Kajiado, kwenye mbuga ya Wamaasai, mahali ambapo reli ya Magadi hupita na usiku baridi hukata kama wembe. Hapo akaanza kuandika habari zake kwa siri.

Nirudi nyuma kidogo niwaeleze vijana habari ya karatasi, maana wao wamezaliwa wakakuta kitambulisho ni kitu cha kawaida.

Mwafrika wa Kenya alianza kuvishwa kipande baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Sheria yenyewe ilikuwa ya mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu miaka michache baadaye. Kila mwanamume aliyepita umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na karatasi yenye jina, alama ya vidole, na habari za kazi na ujira wake, ndani ya kijikebe cha bati, akikivaa shingoni kwa kamba. Tajiri asipoandika kwamba amemruhusu kuondoka, basi mtu huyo ni mtoro. Harry Thuku alipopiga kelele juu ya kipande na kodi alikamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi, na yeye akapelekwa uhamishoni Kismayu. Kwa hiyo desturi ya kuwaleta wakorofi wa bara ufukweni mwa bahari haikuanza na Mau Mau. Mkoloni aliiona bahari kuwa ni ukuta usiogharimu kitu.

Kipande cha shingoni kilikuja kuondolewa baada ya Vita vya Pili. Lakini hali ya hatari ilipoingia, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakafungiwa tena kwa karatasi, na mara hii kwa ukali zaidi. Aprili 24, mwaka 1954, jeshi liliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Watu wapatao 20,000 wakatiwa kambini kuchunguzwa, na maelfu wengine, wake na watoto kwa wingi, wakarudishwa mashambani. Aliyesalia mjini alipewa kijitabu cha pasi chenye picha na habari za kazi yake. Bila ya kijitabu hicho hupati kazi, hupati chumba, na ukikutwa njiani unachukuliwa. Huko vijijini watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa lazima kutoka kwenye boma zao na kuwekwa katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Mtu akitaka kwenda kumzika mamake mlima wa pili, sharti apate barua kutoka kwa chifu au mkuu wa tarafa, iseme anatoka wapi, anakwenda wapi, na atarudi lini. Jua likizama, marufuku kutoka.

Na ilikuwako karatasi ya tatu, ambayo mimi naiona ndiyo iliyokuwa na sumu zaidi: cheti cha uaminifu. Aliyeapa kwamba yu upande wa serikali, na wakubwa wa mtaani wakamshuhudia, alipewa cheti. Cheti kikamfungulia njia: asafiri, afanye biashara, na mwaka 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza, miongoni mwa Wakikuyu, Waembu na Wameru ni wenye cheti tu walioruhusiwa kupiga kura. Jirani na jirani wakatenganishwa na kipande cha karatasi. Wako wazee ambao hata uhuru ulipokuja hawakunywa tena maji ya nyumba moja.

Hili si jambo la Kenya peke yake. Katika vita vya mapinduzi vya Marekani, kati ya mwaka 1775 na 1783, raia waliokuwa wakitiliwa shaka walitakiwa kuapa, na msafiri asiye na hati ya kamati aliweza kuzuiwa njiani. Waliodhaniwa kuwa bado wanampenda mfalme wa Uingereza waliachiwa kwa sharti la kutoa neno la heshima kwamba hawatapita mipaka ya mji fulani wala hawatamsaidia adui. Sharti hilo waliliita kwa neno la Kifaransa, parole, na maana yake si zaidi ya neno, neno litokalo kinywani. Basi kama miaka 170 baadaye Waingereza walikuja kuyatumia kwetu mambo yale yale waliyotendewa watu wao. Ila huku kwetu neno la heshima halikutosha, kwa kuwa heshima ndiyo kitu cha kwanza walichotunyima.

Turudi kwa Gakaara. Kutoka Kajiado alipelekwa Pwani, kisiwani Manda, kwenye kambi iliyoitwa Takwa.

Wasomaji wa Lamu na Shela hawana haja ya kuelezwa Takwa ni wapi. Ni gofu la mji wa Kiislamu uliostawi kabla ya zama zetu, ukahamwa katika karne ya 17. Msikiti wake bado umesimama, nguzo ikiwa juu ya kibla, na nje kuna kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 Hijria. Watu wa Shela huhesabu asili yao kuwa huko, nao wamekuwa wakienda kuzuru na kuomba mvua. Mwaka 1951 mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman alikuwa amelichimba gofu lile na kulisafisha. Haikupita miaka mingi, jina lile lile la mji wa wacha Mungu likawa jina la kambi ya waya.

Nimekwenda Takwa mara nyingi. Njia ya mashua hupita katika mikoko, na maji yakikupwa huwezi kuingia wala kutoka, lazima ungoje bamvua au maji kujaa. Kisiwa chenyewe ni kikavu, maji matamu ni ya shida, mbu ni wengi kuliko watu. Nikikaa chini ya ule msikiti huwafikiria wale watu wa mlimani, waliozoea ukungu na vijito, wakitazama maji ya chumvi pande zote. Bahari kwetu sisi ni njia. Kwao ilikuwa ni kitasa.

Serikali iliwakusanya Manda wale iliowaita wagumu na wenye elimu, ili wasiwaambukize wengine. Pio Gama Pinto, Mgoa wa Nairobi aliyekamatwa Juni 1954, aliwekwa huko miaka karibu minne, kisha akapelekwa Kabarnet kuishi kwa masharti ya kutotoka hapo, hata mwaka 1959. Achieng' Oneko, aliyeshinda rufani yake katika kesi ya Kapenguria, hakuiona nyumba yake, kwani alizuiliwa papo hapo na kuletwa Manda. Haya yafikiri, msomaji: mahakama inasema huna kosa, na karatasi ya Gavana inasema endelea kukaa. Ukiwatia watu wa namna hiyo kisiwani pamoja, umeanzisha chuo. Walifundishana, walibishana, waliandika malalamiko kwa wakubwa, na Gakaara akaendelea kuandika kitabu chake cha siku, akikificha.

Kilichomwumiza hakikuwa mbu. Mkewe, Shifra Wairire, naye alitiwa kizuizini. Kamiti ndiko walikofungiwa wanawake kwa maelfu, wengine na watoto mgongoni. Wanazuoni waliosoma barua za watu wa kizuizini, za Gakaara zikiwamo, wamekuta kwamba mengi yaliyomo si siasa. Ni nyumba. Ni karo za watoto, ni shamba linalimwa na nani, ni mke yuko katika hali gani na nani anamwangalia. Mtu aliyeanza uandishi wake kwa habari za ndoa akajikuta anailinda ndoa yake mwenyewe kwa barua zinazosomwa kwanza na mkaguzi wa kambi. Nani kati yetu angeweza kumwandikia mkewe neno tamu akijua kwamba Mzungu mwenye kalamu nyekundu atalisoma kabla yake?

Sasa nafika mahali pagumu, na ni afadhali nipite polepole.

Wakubwa wa kambi waliufananisha mpango wao na bomba la maji. Mtu huingia upande mmoja akiwa mweusi, yaani mgumu, akisukumwa kutoka kambi hata kambi huwa wa kijivu, na akikiri kiapo chake na kuonyesha ushirikiano huwa mweupe, akatokea upande wa pili karibu na kwao. Ufunguo wa kila mlango ulikuwa mmoja: ungama. Taja uliapishwa wapi na nani, likane lile ulilolisema, fanya kazi tutakayokupa. Baadaye hukuachiwa huru hivi hivi. Uliwekwa chini ya chifu wa kwenu, uripoti kwake, usitoke katika mipaka ya mtaa bila ya barua, na ukivunja sharti unarudi ulikotoka.

Kambi ya Athi River ilikuwa maarufu katika kazi hii ya kuwageuza watu. Huko watu wa lile kundi la dini liitwalo Moral Re-Armament walishirikiana na serikali wakihubiri toba. Ilikuwako kazi ya uandishi: gazeti la Kikikuyu la kuwaelekeza watu wa kizuizini, na michezo ya kuigiza. Gakaara alipohamishiwa Athi River, mwandishi wa Roho ya Kiume alishika kalamu katika kazi hiyo ya kambi.

Wako wanaolisoma jambo hili wakatikisa kichwa. Wanataka shujaa asiyepinda. Mimi nilisomeshwa chuoni na mwalimu mkali, Mungu amrehemu, na siku moja alitufikisha kwenye kisa cha Ammar bin Yasir, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeteswa na makafiri wa Makka, akamwona mamake Sumayya akiuawa, mpaka kinywa chake kikatamka walilotaka alitamke. Alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akilia kwa hofu ya imani yake. Wote tunajua alivyotulizwa, na tunajua aya ya Surat an-Nahl inayomtoa makosani aliyelazimishwa na hali moyo wake umetulia juu ya imani. Na mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi wametufundisha kwamba kiapo cha kulazimishwa hakimfungi mtu. Mwalimu akatuuliza: je, Ammar alikuwa dhaifu? Hakuna aliyethubutu kujibu.

Silinganishi watu, hasha. Gakaara hakuwa sahaba, na dini yake si dini yetu. Nalinganisha hali. Lakini pia sitaki kumsafisha kuliko alivyojisafisha mwenyewe. Kuna tofauti kati ya kutamka neno chini ya fimbo na kuandika mchezo wa kuigiza kwa wiki nyingi, maana mwandishi hawezi kuandika vizuri bila kutia kitu cha moyo wake. Mimi ni mtu wa kalamu na nalijua hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kukaa miaka kizuizini bila ya hukumu, mke wake kifungoni, na mlango wa kwenda kwao ulikuwa mmoja tu. Waliomtengenezea mlango wa namna hiyo ndio wa kuulizwa kwanza.

Na ajabu ni hii, kwamba yeye mwenyewe hakuificha Athi River. Alipokuja kuchapisha habari zake, sura ya kambi ile imo pamoja na Kajiado na Manda. Angeweza kuiruka. Wangapi wetu, tukiandika maisha yetu, tungeiacha sura kama hiyo ndani?

Mwisho wa lile bomba, kwa wale walioonekana hawageuki kabisa, ulikuwa Hola, kando ya Mto Tana, tena huku huku Pwani. Machi 3, mwaka 1959, walinzi waliwapiga watu waliokataa kufanya kazi, na 11 wakafa. Serikali kwanza ikasema wamedhurika kwa maji waliyokunywa. Uongo ule ulipofichuka, bunge la London likawaka moto, na kambi zikaanza kufungwa. Hali ya hatari ikaondolewa rasmi Januari 12, mwaka 1960. Gakaara, baada ya miaka zaidi ya saba tangu usiku ule wa Oktoba, alikuwa mtu wa kwenda atakako.

Alikwenda Karatina, karibu na kwao. Wenzake wa kizuizini wengi waliingia katika siasa, wakapata viti na magari. Yeye alirudi kwenye mtambo wa chapa. Alianzisha duka la vitabu na kiwanda kidogo cha kuchapa, akatoa jarida lake la Gikuyu na Mumbi, hadithi za kuchekesha, vitabu vya nyimbo, na vitabu vya kufundisha watu kuandika Kikikuyu sawasawa. Katika miaka ambayo wasomi wakubwa walikuwa wakitafuta wachapishaji London, yeye aliandika, akapanga herufi, akauza mwenyewe. Huo, kwa maoni yangu, ndio ugumu wake wa kweli, nao haukuhitaji kambi kuonekana.

Zile karatasi za siri zilikaa miaka mingi kabla ya kuwa kitabu. Mwaka 1983 zikatoka kwa Kikikuyu kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, maana yake mwandishi wa Mau Mau akiwa kizuizini. Mwaka 1984 kitabu kikapewa tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vilivyochapishwa Afrika, akigawana heshima hiyo na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Mwaka 1988 kikatoka kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia yeye mwaka 1948 alipotaka asikiwe na Waafrika wote, mimi sijakiona, na nikiwa na nguvu na mchapishaji ningependa kukifasiri walau zile kurasa za Manda, ili watu wa Lamu wajue ni nani waliokuwa ng'ambo ya mlango wa bahari wakati wazee wao wakivua samaki.

Gakaara wa Wanjau alifariki Machi 2001, akiwa na umri wa karibu miaka 80.

Asubuhi ile ya Kisaju niliamka mapema, nikasali, nikanywa chai ya maziwa ya ng'ombe wa jirani Mmaasai. Picha ya kitambulisho changu ilikuwa imekwisha kufika kwenye simu ya kijana wangu. Tukapanda pikipiki tukaenda mpaka pale njiani nilipoahidi. Hapakuwa na askari yeyote, ila mbuzi wakivuka barabara. Tulingoja kiasi cha nusu saa, kijana wangu akinicheka, akiniuliza ami, twamngoja nani? Nikamwambia angoje kidogo tena.